Kuachia breki: shajara ya kozi ya gari la kasi kwenye sakiti

Mradi wenyewe

Nimejiandikisha kozi ya kuendesha gari la michezo kwenye sakiti, na humu nitaandika hatua kwa hatua mpaka iishe. Gari tutakalotumia ni Porsche 911 Carrera S ya kizazi cha 992: injini ya silinda sita yenye turbo mbili, nguvu farasi 450, na kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa linachukua chini ya sekunde nne. Namba hizo zinavutia, lakini kukanyaga mafuta kwenye barabara iliyonyooka kila mtu anaweza. Ninachotaka kukielewa ni kile kinachotokea gari linapokaribia kona kwa kasi, breki zimekamata na usukani unaanza kukunjwa, matairi yanafanya kazi mbili kwa mpigo. Ndipo madereva wazuri wanapoachana na wengine, na ndipo macho yangu yatakapokuwa muda wote wa kozi.

Kabla ya injini kuwashwa

Kofia kwanza. Sakiti nyingi zinataka kofia ngumu ya kinga yenye alama ya Snell, taasisi inayopima kofia hizo, ya daraja la SA la magari, na ile ya M ya pikipiki mara nyingi wanaikataa. Sababu ipo: kofia ya SA hupimwa kwa moto, halafu hugongwa zaidi ya mara moja kwenye chuma chenye umbo la fremu ya kinga ya gari la mashindano, kwa kuwa ndani ya gari kichwa kinaweza kugonga bomba lile lile tena na tena. Nguo ziwe za mikono mirefu, viatu viwe vya soli nyembamba. Soli nene inamnyima dereva hisia ya pedali, na katika kozi hii hisia ya pedali ndiyo mtaji.

Nilikaa pia na fundi anayehudumia magari, tukazungumza kuhusu mafuta ya breki. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Lakini hunyonya unyevu kutoka hewani kadiri yanavyokaa, na kwa mafuta yaliyokwisha kunyonya maji kiwango cha chini kinachokubalika ni nyuzi 155 tu. Diski kwenye sakiti hupata moto kuliko hapo kwa mbali. Mafuta yakichemka, mvuke unaingia kwenye mirija. Mafuta hayabanwi, mvuke unabanwa, kwa hiyo pedali inazama hadi sakafuni na gari linaendelea na safari yake. Mwenye kuja na gari lake mwenyewe abadilishe mafuta ya breki kabla ya kufikiria kitu kingine chochote. Fundi anasema wengi hufika na matairi mapya yanayong'aa na mafuta ya breki ambayo hayakumbukwi yaliwekwa lini.

Upepo wa matairi unapanda takriban baa 0.1 kwa kila nyuzi 10 za joto. Ndiyo maana hapa hupimwa mara tu gari linaporudi kutoka sakitini, matairi yakiwa bado ya moto.

Darasani

Nilidhani darasa lingekuwa la kupitisha muda. Kumbe ndilo lililonipa macho ya kuonea mambo yote yaliyofuata.

Mwalimu alianza na tairi. Sehemu ya tairi inayogusa lami ni ndogo, karibu sawa na kiganja cha mkono, na gari zima linaning'inia kwenye viganja vinne. Kila kinachofanywa na dereva, kukanyaga mafuta, kukanyaga breki, kukunja usukani, kinapita hapo na hakina njia nyingine.

Halafu akachora duara ubaoni. Wanaliita duara la msuguano. Juu ni mafuta, chini ni breki, kushoto na kulia ni kukunja, na ukingo wa duara ndio mwisho wa uwezo wa tairi. Ukitumia uwezo wote kwenye breki, hakuna kilichobaki cha kukunjia kona. Ukikunja hapo, gari litakwenda moja kwa moja. Hilo wengi wanalijua. Kilichonikalia kichwani ni hesabu ya katikati. Kwa kuwa ni duara, nguvu hizi hazijumlishwi kama fedha mfukoni. Tairi likitumia asilimia 90 ya uwezo wake kwenye breki, limebaki na asilimia 44 ya kukunja. Likitumia asilimia 70, limebaki na asilimia 71. Angalia tofauti hiyo: unapunguza breki kwa fungu dogo tu, unarudishiwa uwezo mkubwa wa kukunja. Maana yake dereva anayemaliza breki zote kwenye mstari ulionyooka, akaachia kabisa, kisha ndipo akakunja, kuna sehemu ya kona anayopita huku matairi yake hayafanyi kazi yoyote ya maana.

Kisha uzito. Ukikanyaga breki kwa nguvu, uzito unahamia mbele. Tulifanya hesabu ya makadirio: gari la kilo 1,500, kitovu chake cha uzito kiko sentimita 48 juu ya lami, umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni mita 2.45, na breki zinalipunguza mwendo kwa nguvu sawa na mvutano wa dunia. Karibu kilo 300 zinahama kutoka matairi ya nyuma kwenda ya mbele. Ya mbele yanashika vizuri kwa sababu yamekandamizwa, ya nyuma yanakuwa mepesi. Ukiachia breki ghafla, kilo zile zinarudi nyuma kwa kishindo, pua inainuka, na matairi ya mbele yanapoteza mshiko wakati ule ule unapoyaomba yakunje.

Kwa 911 jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa injini imekaa nyuma ya ekseli ya nyuma na karibu asilimia 60 ya uzito wa gari iko huko. Pua ni nyepesi. Breki ndizo zinazoipa mzigo wa kushikia lami, na namna unavyoziachia ndiyo inayoamua mzigo huo utakaa muda gani.

Nikaandika mstari mmoja kwenye daftari na kuuzungushia duara: mradi wangu ni kuachia breki.

Bendera zilifundishwa kwa haraka lakini kwa ukali: manjano ni hatari mbele na hakuna kupita mtu, nyekundu kipindi kimesimamishwa, bluu kuna gari la kasi zaidi nyuma yako, nyeusi unaitwa ndani. Asiyezijua haingii sakitini.

Uwanja wa maji

Uwanja mpana, lami laini iliyomwagiwa maji, koni zimepangwa duara. Mwalimu akanyoosha mkono akazima mfumo wa kudhibiti uthabiti, ule ambao kwa kawaida huzikamata breki za gurudumu mojamoja kulituliza gari linapoanza kuteleza. Bosch na Mercedes-Benz waliuleta kwenye magari ya kawaida mwaka 1995, na umeokoa watu wengi mno barabarani. Hapa tulitaka kuona gari linavyosema ukweli bila mkalimani.

Kwanza pua. Unazunguka duara, unaongeza mafuta polepole, na ghafla usukani unakuwa mwepesi mikononi. Ndiyo dalili yenyewe, na hutokea kabla gari halijaanza kutoka kwenye mstari. Matairi ya mbele yameshindwa. Silika inakuambia ukunje zaidi, lakini tairi lililoshindwa halisaidiwi kwa kuongezewa kazi. Unapunguza mafuta kidogo, unaurudisha usukani kidogo, uzito unarudi mbele, pua inauma tena. Mambo haya unayasikia kwenye viganja.

Halafu mkia. Mwalimu akaniambia nizunguke kwa mwendo thabiti kisha niondoe mguu kwenye mafuta kwa ghafla. Uzito ukaruka mbele, matairi ya nyuma yakawa mepesi, na injini ile nzito iliyoko nyuma ikataka kuendelea na safari yake kwa mstari ulionyooka. Mkia ukatoka. Hii unaipata kiunoni kwanza, kabla macho hayajaona kitu: kiti kinasogea pembeni chini yako.

"Tazama unapotaka kwenda!" mwalimu akasema, na akarudia hivyo hivyo kila gari lilipoteleza.

Mikono inafuata macho. Ukitazama koni unayoogopa kuigonga, unaigonga. Ukitazama njia, mikono inaukunja usukani kwenda upande ambao mkia unaelekea, bila kuhesabu nyuzi. Kazi ngumu inakuja sekunde inayofuata, pale matairi ya nyuma yanaposhika tena: usukani lazima urudishwe upesi, la sivyo gari linatupwa upande wa pili kwa nguvu kuliko mwanzo. Tulilirudia hilo mpaka maji ya tangi yakakaribia kwisha, na ningeendelea mpaka usiku kama wangeniruhusu.

Breki kwenye mstari ulionyooka

Zoezi la kukanyaga breki kwa nguvu zote ni fupi, ila kila mwenye leseni angelipitia ningefurahi. Watu wazima wenye uzoefu wa miaka hawajawahi kuikanyaga pedali ya gari lao hadi mwisho. ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, inaingia, pedali inatetemeka chini ya mguu kwa mapigo ya harakaharaka, na wengi hulegeza mguu kwa kudhani kuna kilichoharibika. Hakuna kilichoharibika, kanyaga tu.

Hesabu yake ni ya kutisha kidogo. Nguvu ya mwendo inakua kwa mraba wa kasi. Kwa breki sawa na mvutano wa dunia, gari la kilomita 100 kwa saa linahitaji mita 39 hivi kusimama. La kilomita 200 linahitaji 157. Kasi mara mbili, umbali mara nne.

Hapa ndipo mwalimu alipoanza kunifundisha umbo la breki. Kwenye sakiti breki hukanyagwa kwa nguvu mwanzoni, wakati gari lina kasi zaidi na liko kwenye mstari, halafu hupunguzwa kuelekea kona. Barabarani wengi hufanya kinyume: wanaanza kwa kugusa, kisha wanaongeza kadiri kona inavyokaribia, na wanafika pale pa kukunja wakiwa wamekanyaga kuliko wakati wote.

Sakitini: macho na njia

Tulianza kwa kumfuata mwalimu, magari yamepangana, kila mmoja anaiga njia ya aliye mbele yake. Njia yenyewe ina mantiki rahisi: ingia kutoka nje, gusa apeksi, yaani pale ndani kabisa gari linapougusa ukingo wa kona, kisha liache litanuke hadi nje tena. Kona iliyopitwa hivyo inapata nusu kipenyo kikubwa zaidi. Kwa mshiko ule ule wa matairi, nusu kipenyo cha mita 50 kinakuruhusu kupita kwa kilomita 80 kwa saa, na cha mita 60 kinakufikisha kama 87. Kilomita saba hizo hazikugharimu chochote isipokuwa kutumia upana wote wa lami.

Kona ya kuheshimiwa kuliko zote ni ile inayofuatiwa na mstari mrefu ulionyooka, kwa sababu kila kilomita unayotoka nayo unaibeba mstari mzima. Pale apeksi inacheleweshwa: unasubiri, unakunja mwishoni kidogo, unautoa usukani mapema na kukanyaga mafuta mapema.

Macho ndiyo yanayochosha. Kwa kilomita 180 kwa saa gari linakula mita 50 kila sekunde, na anayetazama lami iliyo mbele ya boneti anatazama mahali alipokwisha kupita. Kabla ya kukunja, macho yako kwenye apeksi. Kabla ya kuifikia apeksi, yameshatoka kwenda mwisho wa kona, na shingo inageuka nayo. Ukifanya hivyo, sakiti inapungua kasi. Gari linakwenda vilevile, ila wewe unapata muda.

Gia sijazitaja kwa sababu gari hili lina PDK, giaboksi ya Porsche ya gia nane inayojibadilisha yenyewe, na mwalimu aliiacha ifanye kazi yake. Nakubaliana naye kabisa. Mguu wa kushoto umepumzika, wa kulia una jambo moja la kujifunza.

Kona ya kushoto inayoteremka

Sakiti ina kona moja ya kushoto inayoshuka huku ikiendelea kukaza. Ndiyo niliyoichagua kuwa darasa langu. Mteremko unaufanya mzigo wa mbele uwe mwingi, mkia uwe mwepesi, na kukaza kwake kunamtaka dereva aendelee kupunguza mwendo hata akiwa ameshaanza kukunja. Huwezi kuipita vizuri kwa breki za kuwasha na kuzima.

Zoezi ni hili. Kwenye alama ya mita 100 unakanyaga kwa nguvu. Pua inashuka, mkanda unakushika kifua. Kisha unaanza kukunja huku mguu ukiinuka, na viwili hivyo vinakwenda pamoja: kadiri usukani unavyoongezeka, breki inapungua, hadi karibu na apeksi ambapo mguu umebaki na uzito wa kidole gumba tu kwenye pedali, kisha hakuna. Ni lile duara la ubaoni, sasa nalifuata kwa mguu.

"Achia... achia... bado unayo... achia," mwalimu ananong'ona kwenye kipaza sauti, kwa sauti ya kumtuliza mtu.

Baada ya kipindi tukafungua data. Gari lina kifaa kinachonasa mgandamizo wa breki, pembe ya usukani, kasi na mahali. Mwalimu alinionyesha mstari wa breki wa dereva wa kawaida: unapanda, unakaa juu, kisha unaanguka wima kama genge. Pale unapoanguka, mstari wa usukani unaonyesha mkunjo wa ziada, kwa kuwa pua iliinuka na dereva akalazimika kuomba zaidi. Halafu akaufungua wake. Mstari unapanda wima na kushuka kwa mteremko mrefu uliopinda, na mstari wa usukani unapanda kwa umbo lile lile lililogeuzwa. Ukiuweka mmoja juu ya mwingine unaona mmoja unaishia pale mwingine unapokamilika.

Nimeitazama picha hiyo kwa muda mrefu kuliko video yoyote ya ndani ya gari. Ujuzi wote wa kuingia kona umeandikwa humo, kwenye sehemu inayoteremka.

Vipindi vilivyofuata nilishughulika na mteremko huo wa mstari wa breki peke yake. Sikuongeza kasi kwenye mistari, sikuchelewesha alama ya breki. Mwanzoni mstari wangu ulishuka kwa ngazi: kuachia, kusita, kuachia. Ngazi hizo zinasikika garini, kila moja ni mtikiso mdogo wa pua. Mwalimu akanishauri nisogeze kisigino karibu zaidi na pedali na niachie kwa kukunjua kifundo cha mguu badala ya kunyanyua paja zima. Msuli mdogo una ustadi kuliko mkubwa. Ngazi zikaanza kulainika. Na kwenye kona ile, gari likaanza kugeuka kwa hiari: mkia unazunguka kidogo tu, kwa kiasi cha kuielekeza pua kwenye apeksi, na usukani unahitaji mkunjo mdogo kuliko zamani. Kasi ya kupita kona ikapanda ingawa sikuitafuta.

Kozi hairuhusu kupima muda wa mzunguko, na baadhi ya wenzangu walilalamika. Mimi naona uamuzi ni sahihi. Saa inamfundisha mtu kuchelewesha breki, na anayechelewesha breki analazimika kuachia ghafla.

Wakati wa mapumziko

Tukipooza magari, tulizungumzia mahali shule za namna hii zilipotoka. Mwaka 1966, katika Grand Prix ya Ubelgiji pale Spa-Francorchamps, mvua ilishuka mzunguko wa kwanza na Jackie Stewart, dereva wa Formula One, akatoka nje ya barabara. Alinasa garini, petroli inamvujia mwilini. Waliomtoa ni madereva wenzake wawili waliokuwa wametoka njiani karibu na hapo, Graham Hill na Bob Bondurant, kwa spana ya kuazima kutoka kwa mtazamaji. Stewart akawa bingwa wa dunia mwaka 1969, 1971 na 1973, akasifika kwa uendeshaji laini, na akapigania usalama wa sakiti maisha yake yote ya mbio. Bondurant naye alipata ajali mbaya Watkins Glen mwaka 1967 baada ya usukani kukatika, akaumia vibaya miguu, na mwaka 1968 akafungua shule ya udereva nchini Marekani. Kila ninapoona lori la zimamoto likisubiri injini ikiwaka pembeni ya sakiti, nawakumbuka watu hao kwa heshima.

Jambo dogo la kiufundi: mzunguko wa mwisho wa kila kipindi ni wa kupooza, breki zisiguswe sana, na gari likisimama usivute breki ya mkono. Pedi za moto zikibana diski iliyosimama zinaichoma sehemu moja.

Nilipofika

Kona za polepole na za wastani zimekaa. Mstari wa breki unateremka bila ngazi, na mwalimu ameacha kunong'ona kwenye nyingi kati yake. Iliyobaki ni kona ya kulia ya kasi mwishoni mwa mstari mrefu. Pale breki yenyewe ni ya kugusa tu, kwa hiyo cha kuachia ni kidogo na muda wa kuachia ni mfupi mno. Kosa dogo la mguu kwenye kasi ile linautikisa mkia mzima. Kwa sasa naipita kwa akiba, na mwalimu amekubali.

Kipindi kijacho kimetabiriwa mvua. Nimeomba tusikiahirishe. Kwenye lami yenye maji duara la msuguano linakuwa dogo, umbo la kuachia linabaki lile lile, na kila kitu kinatokea kwa mwendo ninaoweza kuufuatilia. Tutaanza na kona ya kushoto inayoteremka, data ya mwalimu ikiwa imewekwa juu ya yangu.